Mwanangu akili anayo, lakini hasira zitamponza. Hii "akili hisia" ni kitu gani?

Fundi wa Likoni

Habari za jioni wenzangu. Nina swali, na nitalieleza kwa urefu, maana nikilifupisha nitaonekana nimekuja kumshtaki mwanangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za skuli karibu na Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Nakaa Likoni. Kila asubuhi navuka feri na kijana wangu wa miaka kumi na minne, yuko gredi ya nane. Tukifika ng'ambo yeye ashika njia ya skuli, mimi naenda kufungua duka. Baba yake yuko Doha kazini, twaongea naye Ijumaa.

Jumanne ya juma lililopita, saa nne na nusu, nina kola ya shati chini ya sindano, simu ikalia. "Mama, njoo skuli sasa hivi." Niliiacha kola vile vile. Kufika ofisini namkuta mwanangu amesimama kando ya kabati, shati lake halina vifungo viwili vya juu. Shati hilo nililishona mwenyewe, na vifungo vile havitoki kwa kuvutwa mara moja. Kwenye kiti yuko mtoto wa watu, mdomo umevimba, ameshika karatasi yenye damu. Mezani kuna seti ya jiometri, lile boksi la bati limebonyea kama limepitiwa na tuktuk, na kipimapembe kimevunjika vipande viwili.

Naibu wa mwalimu mkuu akaniambia, "Mama, huyu akili anayo. Hisabati hapa hakuna wa kumshinda. Lakini hana breki." Alichelewa kidogo siku ile, akapigishwa magoti getini, baadaye darasani mwenzake akamtania, naye akamvaa. Nimepewa barua, Alhamisi ijayo turudi wazazi wa pande zote mbili.

Nyumbani nikamuuliza, "Una nini wewe?" Akasema, "Sina kitu." "Sasa ulimpigia nini?" "Basi tu." Siku tatu, wenzangu, ni "sina kitu" na "basi tu". Wali akala, hesabu akafanya, na kila nikipita karibu ageukia ukutani.

Jumamosi kwenye chama chetu cha kuchanga pesa mwenzangu mmoja akasema, "Huyo hana akili hisia." Nilidhani ni ugonjwa, nikataka kuuliza dawa yake ni nini. Basi nawauliza nyinyi: hiki ni kitu kweli au ni maneno ya kisasa ya kumtetea mtoto mtukutu? Hufundishwa, au mtu huzaliwa nacho? Na chaingiliana vipi na masomo, ikiwa mtoto mwenyewe hesabu anazijua?

Mwalimu Kisauni

Pole dada. Mimi ni mwalimu wa hisabati na sayansi, mwaka wa kumi na moja sasa, darasani nina watoto sitini na tatu. Nitakayosema mengine ni ya vitabuni, mengine ya chaki.

Akili hisia si ugonjwa, na wala si upole. Wengi hukosea hapo. Humwona mtoto mnyamavu wakasema huyu katulia, kumbe amejaa hadi shingoni. Jina hili lilishika baada ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, kuandika makala mwaka 1990 wakisema kuzisoma hisia ni akili kama akili nyingine. Mwaka 1995 Daniel Goleman akatoa kitabu kilicholifikisha jina hilo hadi kwenye chama chenu. Salovey na Mayer baadaye waliigawa mara nne: kuiona hisia, yako na ya mwenzio, kuitumia ikusaidie kufikiri, kuielewa, yaani ilikotoka na inakoelekea, na mwisho kuimudu. Sote, wazazi na walimu, twamrukisha mtoto hadi hiyo ya nne. "Tulia! Acha hasira!" Atatuliza nini, na kitu chenyewe hakijui?

Kuhusu masomo. Kuna uchambuzi uliotoka mwaka 2011, ulijumlisha mipango 213 ya kufundisha mambo haya mashuleni, wanafunzi zaidi ya 270,000. Ukiwapanga watoto mia kwa alama, yule wa katikati aliyefundishwa alisogea mbele nafasi 11 hivi. Mwingine wa 2020 ulikusanya wanafunzi zaidi ya 42,000 kutoka nchi 27, na hapo akili hisia ilikuwa ya tatu katika kutabiri matokeo, nyuma ya akili ya kawaida na bidii. Ya tatu, sikusema ya kwanza. Mtu akikuambia inashinda kusoma, huyo anauza semina.

Sababu yake naiona kila siku. Akili ina meza ndogo ya kufanyia kazi ya papo kwa papo. Mtoto akiingia darasani na aibu ya asubuhi, aibu imeshakaa mezani, hesabu naiweka wapi? Nina msichana aliyepata nne kwa kumi kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo) siku ambayo nyumbani kwao kulikuwa na ugomvi. Juma lililofuata nikampa jaribio lile lile, namba tu nimebadilisha, akapata tisa.

Ninachofanya si kikubwa. Mlangoni nimeweka makopo matatu ya maziwa ya unga, na kila mtoto ana kifuniko chake cha soda. Akiingia hukitia kwenye kopo moja: niko sawa, niko hivi hivi, usiniulize leo. Vifuniko havina majina. Nikilinyanyua kopo la tatu nikaliona zito, siku hiyo sianzi na jaribio. Ni dakika mbili tu.

Kwa hiyo ndiyo, hufundishwa. Tena katika umilisi saba, yaani uwezo saba ambao mtoto apaswa kuupata, wa mtaala wetu mpya mna mawasiliano na ushirikiano, na mna kujiamini. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Darasa la watoto sitini na tatu ni habari nyingine, na nisianze hapo maana hatutalala.

Baba Changamwe

Mimi naendesha trela, bandarini hadi mpakani Malaba, miaka kumi na tisa. Mwalimu nakuheshimu, lakini makopo ya maziwa? Sisi tulichapwa tukanyooka. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto kapasua mdomo wa mwenzake, sasa tukae tumuulize anajisikiaje? Na yule aliyepasuliwa anajisikiaje?

Mimi mwenyewe nina hasira kuliko huyo kijana. Barabara ile ukikatwa mbele na gari dogo la probox unaweza kuua mtu. Lakini nimejiwekea sheria yangu: nikikatwa popote kabla ya Mariakani, sifungui mdomo wala sipigi simu mpaka nivuke mizani ya malori ya pale. Nikishapima, kama bado nina neno, ndio nalisema. Mara nyingi nakuta sina. Hiyo sikufundishwa na mzungu yeyote, nilijifunza baada ya kupoteza kazi moja kwa mdomo wangu.

Mwalimu Kisauni

Mzee wangu, hiyo sheria yako ya mizani ndiyo yenyewe hasa. Tofauti ni kwamba wewe ulilipa kazi nzima kuipata, na mimi naitafutia watoto kwa bei ya vifuniko vya soda.

Na kuhusu kuchapwa: hapa Kenya viboko vilipigwa marufuku mashuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, yakataza adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya kisaikolojia. Dada fundi, soma hapo tena ukikumbuka yale magoti ya getini. Aliyepasuliwa mdomo haki yake iko pale pale. Mwanao atalipa na ataomba radhi. Hayo hayagongani.

Bi Mkubwa wa Kuze

Mimi sijui kuandika kwenye simu. Mjukuu wangu anisomea, nami nasema yeye aandika, kwa hivyo makosa ya herufi ni yake.

Nyote mwasema hasira, hasira. Hasira gani? Kiswahili hakikufika ufukara huo. Kuna hamaki, hiyo ni maziwa yakifurika, ukiondoa sufuria yashuka. Kuna ghadhabu, hiyo yakaa. Kuna kinyongo, mtu huenda nacho hadi kaburini na meno yakikucheka. Kuna donge, hilo hukaa kooni, chakula hakipiti. Kuna kimuyemuye, pale moyo waenda mbio na jambo lenyewe halijafika. Kuna jitimai, huzuni kuu hiyo. Kuna haya, na haya ni pambo, mtoto mwenye haya kalelewa. Kuna tahayari, pale ulipokosea mwenyewe mbele ya watu uso ukakushuka. Na kuna fedheha, na fedheha hujitii, wenzio ndio wakutiao.

Wakati wetu mtoto akinuna, nyanya alikuwa akimtajia moja moja. "Wanunia nini, wivu? Si wivu? Basi ni kijicho? Umetahayari?" Hadi apate lake, akilipata utamwona mabega yashuka. Leo muulize huyu aandikaye hapa, una nini? Aniambia "stresi". Akinyimwa pesa ni stresi, akifiwa na rafiki ni stresi. Neno moja kama kanzu ya kuazima, kila mtu aivaa na hakuna imkaayo.

Sasa mwanangu fundi, nisikize. Huyo kijana hakukasirika. Mwenye hasira humpiga aliyemuudhi akamaliza. Yeye kapiga, tena kavunja na seti ya jiometri, kitu hakina kosa wala mdomo. Hiyo ni fedheha. Mwenye fedheha ataka kila kilichomuona kisiwepo.

Na nina swali. Wasema alichelewa kidogo. Kwa nini alichelewa? Feri si mpya kwenu. Hapo umepita mbio, kama mtu aruka dimbwi.

Fundi wa Likoni

Bi, shikamoo. Umenishika.

Alichelewa kwa sababu nilimtuma. Nilikuwa na sweta kumi na mbili za kupeleka kwa mteja Majengo, na mteja alisema zikifika asubuhi atalipa zote, nami kodi ya duka ilikuwa imepita siku sita. Kwa hiyo nilimtwika kijana gunia, nikamwambia mwalimu ataelewa. Akaenda Majengo, akaniletea pesa dukani, ndipo akaenda skuli. Ilikuwa imeshapita zaidi ya nusu saa.

Pale ofisini sikulisema. Nilikaa na barua mkononi naitikia "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu." Hapa kwenu pia sikulisema, na humu hamnijui. Kwa orodha yako Bi, hiyo nafikiri ni tahayari.

Ila jambo moja silielewi. Getini aliulizwa kwa nini kachelewa, na barua imeandika "alikataa kujibu". Kwa nini hakusema nimemtuma?

Kijana wa Tononoka

Shikamoo Bi, shikamooni nyote. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, na miaka miwili nilikuwa mimi ndiye yule wa kusimama kando ya kabati. Naomba niseme upande wetu.

Mama, usimkalishe kwenye kiti ukamtazama usoni. Hiyo "una nini?" ya ana kwa ana kwetu ni kesi, unaona kabisa hakimu kashafika. Marehemu mjomba wangu alikuwa ananiita nimsaidie kuosha pikipiki. Hatutazamani, kila mtu na tairi lake. Hapo ndipo nilimwambia mambo ambayo mamangu hayajui hadi leo. Tembea naye, au mpe kitu ashike, na ukishauliza nyamaza, hata kama ni dakika tano. Wakubwa hawawezi kunyamaza, ndiyo shida.

Na walimu, mkituuliza "una tatizo gani nyumbani?" mbele ya watu hamsini, hapana, hakuna atakayejibu. Hilo kopo la tatu la mwalimu ningelijaza peke yangu. Kama kuna mtu anasoma hapa na hana wa kuzungumza naye, 116 ni namba ya simu ya kuwasaidia watoto, ni bure, na mimi niliwahi kuipiga.

Baba Changamwe

Kijana, umenifanya nikumbuke kitu. Wangu wa kwanza hunipigia simu nikiwa njiani tu, usiku. Nikiwa nyumbani hasemi. Mama yake alikuwa anaona ajabu.

Fundi, tuletee habari ya Alhamisi.

Fundi wa Likoni

Nimerudi. Samahani kwa kukawia, ni majira ya sare na watu wote wanataka jana.

Jumatano asubuhi tulivuka kama kawaida. Mnaoijua feri ya Likoni saa kumi na mbili na nusu mwajua hakuna pa kukaa wala pa kutazamana, umeshikana na watu kama uzi kwenye bobini. Tulisimama kwenye vyuma vya pembeni, sote twatazama maji. Feri ilikuwa haijang'oa, tunangoja meli ya makontena ipite kuingia Kilindini, na meli zile haziishi kupita. Nikaona hapa ndipo pa yule kijana wa Tononoka. Nikamwambia bila kugeuka, "Siku ile, ulikasirika au ulifedheheka?"

Kimya. Nikamkumbuka Tononoka, nikauma ulimi. Meli ikapita nusu, nikawa nahesabu makontena, ya bluu, ya kahawia. Mwisho akauliza, "Kufedheheka ndio nini?"

Nikamwambia ni kama watu wamekuvua nguo na wewe hukufanya kitu.

Akasema, "Basi hiyo."

Kisha yakatoka, si mengi, lakini yalitoka kwa mpango kama hesabu zake. Sweta zilikuwa nyekundu, na lile gunia lilimwachia nyuzi za sufu begani na kwenye kola. Pale getini alipopiga magoti, wa gredi ya saba walipita, wa gredi ya tisa wakapita. Alipoingia darasani, yule mwenzake akamtoa uzi mmoja kwenye kola, akaunyanyua juu watu wauone, akasema, "Fundi, nishonee na mimi." Darasa zima likacheka. Akasema hasira hazikuja hapo. Hapo alikaa, akafungua kitabu. Zilikuja baadaye, walipokuwa wameshasahau.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia mwalimu kwamba ni mimi nilikutuma?"

Akasema, "Wangekuita wewe."

Mkononi nilikuwa na mkoba wenye futi yangu ya kupimia. Niliikunja nikaikunjua mpaka tukafika ng'ambo.

Alhamisi tulikwenda. Nilisema mimi kabla naibu hajafungua faili: nilimtuma, sweta kumi na mbili, Majengo, kosa la kuchelewa ni langu. Kisha habari ya magoti, nikasema pole pole, kwamba nimesikia sheria haiyataki. Naibu akatazama dirisha kidogo, akaandika kitu kwenye kitabu chake. Radhi hakuomba, ila alisema siku nyingine nikimtuma niandike kikaratasi, na mtoto apite ofisini badala ya getini. Nimelichukua hilo. Mwalimu wa Kisauni, makopo yako niliyataja, mwalimu wa darasa akacheka halafu akaniuliza ni ya maziwa gani.

Mama wa yule mwingine, kumbe ni mteja wangu, nimewashonea mabinti zake sketi mbili! Tulitahayari sote. Watoto wale wawili wakaambiwa washikane mikono. Mwanangu akasema, "Nisamehe kwa mdomo wako," maneno yake mwenyewe, sikumfundisha. Mwenzake akasema, "Poa." Baadaye kidogo akaongeza, "Ile ya fundi sikujua utaumia." Nikaona hata yule mwingine alikuwa anasoma uso wa mwenzake kwa mara ya kwanza.

Baba yake nilimweleza Ijumaa. Alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema nimpe simu kijana, wakaongea nje barazani, sikusikia.

Imebaki seti ya jiometri. Niliona dukani, shilingi mia mbili na hamsini, nikatoa pesa. Kijana akakataa, anataka kulipa yeye. Ana mia na arobaini. Tumepatana kila kifungo atakachokishona kwenye sare za wateja ni shilingi mbili, kwa hiyo anatakiwa vifungo hamsini na tano, hesabu hiyo aliifanya kabla sijamaliza kusema. Mpaka jioni hii amefika thelathini na sita, na vitano nimevifumua, vimekaa upande.